Neno Lililokosa Shahidi wa Tatu

Mwalimu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Toby hawezi kukisoma. Humjui Toby. Alikuja wiki sita baada ya sisi kukuzika, ametumwa na wenye ukumbi aje kuendeleza darasa lako la Kiingereza, na tangu siku hiyo sijapata mtu wa kukaa naye tumsengenye. Wanawake wa darasani wana adabu mno. Kanisani nikimtaja tu naambiwa nimweke kwenye maombi. Wewe peke yako ungevua viatu, ukabandika chai ya tangawizi, ukasema, "Haya, Mghoi, leta maneno bana." Basi nayaleta.

Ana miaka thelathini hivi, anaishi Moseley, na kila akifika anatutangazia kwamba ametembea kwa miguu mpaka hapa kwetu Sparkhill. Ni mwendo wa nusu saa, Mwalimu, tena mteremko. Akisalimia anaweka mkono kifuani kwa sababu kuna mtu alimwambia kwamba hivyo ndivyo watu wetu wanavyosalimiana. Watu wetu wepi, hakuuliza. Mimi ni Mtaita wa Voi, Shirin ni wa Sylhet kule Bangladesh, Khala Monwara, mama mdogo wa darasa zima, naye amekaa Birmingham tangu kabla Toby hajazaliwa, na wote tunawekewa mkono kifuani. Siku ya kwanza alituambia kwamba sisi ni "amazing". Khala Monwara alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka mwavuli wake.

Alikuja na sanduku la tableti, moja kwa kila mwanamke. Unaandika neno la Kiingereza, nayo inakuletea maana zake kwa Kibangla, saba au nane kwa mpigo, na chini yake mfano wa matumizi. Shirin, mwenye kidole chepesi, aliandika "insist". Akapewa maana nane, na mfano ulisema kwamba bwana mmoja alisisitiza kucheza gofu ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Piga picha hiyo. Wanawake kumi na wawili wamekaa na makoti mwilini, kwa maana hita ya ukumbi ni ile ile ya siku zako, wanasoma habari za bwana na gofu yake. Khala Monwara aliuliza gofu ni nini. Toby akafurahi sana kuulizwa, akamwonyesha picha.

Nilijaribu kumweleza jinsi ulivyokuwa ukifundisha. Nilimwambia kwamba hapa neno haliingii daftarini kwa sababu tu liko kwenye kamusi. Jumanne Mwalimu anatoa neno moja. Kila mwanamke anatoka nalo na kulitumia nje, kwa mtu ambaye si ndugu yake wala si mwenzake wa darasani: dukani, kwa daktari, kwa mwenye nyumba, ndani ya basi. Jumanne inayofuata anasimama na kueleza alimwambia nani na alirudi na nini. Wakipatikana watatu waliorudi na kitu mkononi, ndipo Khala Monwara, ambaye uzuri wa mwandiko wake unatuaibisha wote, analiandika neno kwenye daftari jekundu, maana yake kwa Kibangla na chini yake mashahidi watatu. Wakiwa wawili, ukurasa unangoja. Nikamwambia kwamba "damp" lilipata mashahidi kumi na wawili ndani ya wiki moja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ukuta mkavu nyumbani kwake, na "actually" likangoja baridi yote mpaka Shirin alipomwambia mwalimu wa mwanawe, "Actually, his name is Tahmid," jina la mtoto likaandikwa sawasawa. Toby alinisikiliza ameinamisha kichwa upande, halafu akasema hiyo ni "lovely methodology". Kisha akaniuliza kama tableti yangu ina chaji.

Neno lako la mwisho lilikuwa hilo hilo, "insist". Sijui kama unakumbuka lilivyotupa taabu. Uliwaambia ni kusema jambo lako na kubaki umesimama pale pale. Khala Monwara akatoa neno la Kibangla, "jid", wenzake wakacheka wakiziba midomo, maana "jid" ni ukaidi wa mtoto anayejitupa chini dukani akililia peremende. Mwanamke mzima, mama wa watu, hana "jid". Ukaniuliza mimi, mbele yao wote, kwetu tunasemaje. Nikasema kung'ang'ania, na kwetu pia msichana akiitwa mng'ang'anizi hajasifiwa. Ulipiga meza. Ulisema kwa Kiswahili chako cha Kisumu, kile ambacho mama mkwe wako Mbangla hakuweza kukimaliza kichwani mwako miaka yote mliyopika pamoja, "Ndiyo hiyo shida yetu, wote tunaogopa kuitwa watoto." Halafu ukawatoa nje na neno lao.

Shirin alirudi nalo wiki ile ile. Boila yao ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa siku tisa, na kijana wa wakala wa nyumba alikuwa akimwambia kila siku kwamba fundi yuko njiani. Shirin alikwenda ofisini kwao na mtoto, akamvulia mtoto koti, akamkalisha kwenye kapeti, akasema, "I insist. We wait here." Fundi alipatikana kabla ya adhuhuri. Ulimkumbatia mpaka skafu ikamdondoka.

Khala Monwara yeye alikuja na la kwake. Alikuwa amempelekea jirani yake, yule mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mke, sahani ya pitha za nazi, zile keki za unga wa mchele. Mzee akakataa, akasema ameshakula. Khala akaweka mguu mlangoni na kusema, "I insist." Mzee akala tatu amesimama hapo hapo kizingitini, akaanza kulia, na sasa kila Jumapili anakuja kwao kunywa chai. Darasa liligawanyika. Wengine walisema hiyo si sawa, yeye hakurudi na kitu, alitoa. Wewe ulifikiri kidogo, ukasema amerudi na mtu, na mtu ni kitu. Akaandikwa shahidi wa pili. Ukaniangalia mimi, ukasema, "Wewe Mghoi, wa tatu ni wewe. You always hide behind my sari." Hujawahi kuvaa sari maisha yako yote, lakini tulikuelewa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi ukanipigia simu.

Kabla sijafika huko nimalizane na Toby, kwa sababu nikimdharau yeye napumua.

Alitengeneza hafla ya kukukumbuka. Mchana, kwenye ukumbi, kulikuwa na biskuti za shayiri na juisi ya maua fulani ambayo hakuna mtu aliyeimaliza. Alisimama akasema ulikuwa umetoka Bangladesh. Mtoto wa watu amekulia kwao Kisumu mpaka amekuwa mwali, amejifunza Kibangla jikoni kwa mama mkwe kwa kukosea chumvi, halafu kijana anakuhamisha nchi kwa sentensi moja. Tulikuwa watu wanne pale tuliojua ulikotoka, na hakuna aliyemsahihisha, hata mimi. Nilikula biskuti.

Daftari lako alikuwa amelichukua wiki moja kabla, kwa kusema analipiga picha. Nililikuta mbele ya ukumbi ndani ya sanduku la kioo lililofungwa kwa kufuli, limefunguliwa ukurasa wa "insist". Majina ya Shirin na Khala Monwara yalikuwa hapo, na pale palipoachwa wazi kwa ajili ya shahidi wa tatu palikuwa na kadi nyeupe iliyochapishwa vizuri, yenye jina lako: "Nasreen insisted on a brighter future for everyone." Alisema ukurasa ulikuwa haujakamilika, akaona aukamilishe. Akaniuliza kama nimeipenda. Nikasema, "It's very nice, thank you."

Naam, nilimshukuru.

Hafla ilipokwisha sanduku likahamia ofisini kwake, juu ya kabati. Jumanne tano tulikaa bila daftari. Mara mbili nililiulizia, na ungenisikia ungeniziba mdomo kwa kiganja. "Sorry, Toby, I know you're busy, when you get a minute, no rush." Alisema bila shaka, akalisahau kabla sijafika mlangoni. Nilikwenda zangu nikiwaambia wanawake kwamba Toby ni mtu wa ovyo. Nilimwiga anavyoweka mkono kifuani, wakacheka, hata Khala. Ni rahisi sana kumdharau mtu kuliko kumwomba kitu mara ya pili.

Sasa Alhamisi.

Ulisema mgongo unakuuma na maumivu yanapanda hadi taya, ukasema ni ubaridi. Nilipokuona nilijua. Mimi natunza wazee miaka kumi na moja, nimeona jasho la aina ile juu ya mdomo wa watu, na rangi ile. Tulifika hospitali saa tatu asubuhi. Dada wa mapokezi aliandika jina lako bila kukutazama, akatuonyesha viti. Saa nne nilikwenda kwenye dirisha lake, nikaanza na "sorry to bother you". Akasema, "You're on the list, bab," kama wanavyomwita kila mtu hapa Birmingham. Nikarudi kukaa. Saa sita nilikwenda tena, nikaanza na sorry tena, nikapewa jibu lile lile. Sikumwambia kwamba maumivu yamefika taya. Hakuniuliza, nami nikaona si adabu kumfundisha kazi mtu aliyeshika kazi yake. Nilikuwa nimevaa sare yangu ya kazi, Mwalimu. Nilikuwa najua kila kitu cha kusema, tena kwa Kiingereza, na watu walikuwa wakinipisha njia wakidhani mimi ni wa pale.

Nawe nakulaumu, nalisema wazi. Ulinishika mkono nilipotaka kusimama mara ya tatu. "Usiwasumbue, Mghoi, wako na kazi mingi." Wewe, uliyemtuma Shirin na mtoto mdogo akakae kwenye kapeti la watu. Wewe, uliyepiga meza. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu uniambie wa tatu ni mimi, na ulikaa pale na mkoba magotini kama msichana wa kuposwa, ukawaonea huruma wao. Nilikasirika nawe kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote. Na bado nilikutii, kwa sababu kukutii ilikuwa rahisi.

Walikuita saa nane. Saa tisa na nusu walikuja kuniambia. Daktari alikuwa mama mpole, aliniambia kwamba huenda hata kama wangekuita saa tatu ile ile isingesaidia kitu. Hakuna siku nimeamka bila kuisikia hiyo huenda yake. Kuna siku naishika kwa mikono miwili, na kuna siku naitupa.

Wakanipa koti lako na viatu vyako ndani ya mfuko wa plastiki. Nilirudi nyumbani na basi nimeupakata.

Hayo sikumwambia mtu. Darasani nilisema ulikwenda kwa amani, wakaomba dua. Miezi minne nimekuwa mtu mwenye ulimi mkali, kila mtu mpumbavu isipokuwa mimi: Toby, dada wa mapokezi, mchungaji aliyesema ni mapenzi ya Mungu, mwenye kutengeneza tableti na bwana wake wa gofu. Nilijua kabisa nilichokuwa nikifanya. Nikinyamaza tu, najiona mimi kwenye kile kiti.

Wiki iliyopita Khala Monwara alinisubiri wenzake watoke. Akatoa barua kwenye mkoba, ameikunja mara nne. Moyo wake unasumbua, wamemwita hospitali, ile ile, Alhamisi. Wanawe wako kazini, na wajukuu wakienda naye wanazama kwenye simu. Akaniwekea barua kiganjani, akanifunga vidole juu yake, akasema kwa Kiingereza chake, "You come with me. You know talk." Aliniamini, Mwalimu. Alikuwa anatabasamu. Nilisema nitakuja, halafu nikaenda chooni nikafungua bomba ili asinisikie.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa Toby. Sikupanga cha kusema. Alikuwa kwenye simu, akaniinulia kidole nisubiri, nikangoja kama ninavyojua kungoja. Alipomaliza akaweka mkono kifuani. Nikamwambia nimekuja kuchukua daftari. Akaanza kunieleza habari za kumbukumbu na unyevu na kwamba pale lilipo ni salama. Nikasema, "I insist. I'm not going without it." Na nikabaki nimesimama.

Unajua alifanya nini? Alisema, "Oh. Yeah, of course. You should've said." Akatoa ufunguo kwenye droo, akafungua kioo, akanipa. Hata kadi yake aliitoa mwenyewe, akaomba radhi kama imeniudhi. Hakukasirika. Hakuniona mtoto wala mkaidi. Jambo zima lilikuwa fupi kuliko kuchemsha maji.

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa nje, Stratford Road, mabasi yakipita, nikalia mpaka mwanamke mmoja wa duka la vitambaa akaniletea kiti. Sikulia kwa sababu ya daftari. Nililia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilikuwa nimejiaminisha miezi yote kwamba neno lile ni zito, kwamba kwa watu kama sisi halifungui mlango, kwamba hata ningelisema siku ile yule dada angenirudisha tu kwenye kiti. Pengine angenirudisha. Pengine angesema, "You should've said." Hilo sitalijua mpaka nakufa, na nimechoka kumdharau kila mtu ili nisiliulize.

Jana ilikuwa Jumanne. Nililiweka daftari mezani na wakaligusa kila mmoja. Toby alikuwepo, amekaa nyuma, na sharti niseme kwamba alileta hita ndogo kutoka nyumbani kwake. Sitamsifu zaidi ya hapo. Nilisimama kama shahidi. Nikaeleza nilimwambia nani. Khala Monwara akauliza, kama unavyouliza wewe, nimerudi na nini. Nikasema, daftari. Wakapiga makofi, akafungua kalamu.

Nikamwambia asubiri. Nikasema kuna mahali pengine nilipokwenda na neno hili, wiki ile ile nilipoambiwa wa tatu ni mimi, na sikulitumia. Nikawaeleza Alhamisi yote, tangu saa tatu. Shirin alikuwa akinitafsiria kwa wale wasioelewa, na alipofika kwenye sare yangu akaacha kutafsiri, akanitazama, kisha akaendelea. Hakuna aliyenifariji. Hakuna aliyesema mapenzi ya Mungu. Khala Monwara alisubiri nimalize, akauliza kwa sauti ya chini swali lile lile, kwa sababu ndivyo darasa lako linavyokwenda.

"Koti," nikasema.

Akaandika. Ukurasa una mashahidi wanne sasa, Mwalimu, na wa nne ni mimi tena. Najua ni kinyume na utaratibu wako. Ukiwa na la kusema, ulikuwa na nafasi ya kulisema saa sita mchana.

Koti liko nyuma ya mlango wangu. Nimelifua kola tu. Lala salama, mwalimu wangu, wewe mwenye adabu ya kijinga, niliyekupenda kuliko nilivyowahi kukwambia. Jumanne nitazishika mimi. Nimeshawapa neno jipya, na Toby pia nimempa, naye atatoka nalo nje kama wenzake.

Kesho ni Alhamisi. Nimemwambia Khala nitampitia saa mbili. Tukifika nitamkalisha karibu na dirisha la mapokezi, na yeye akinishika mkono nisisimame, nitautoa mkono wake taratibu, nitasimama. Sitaanza na sorry.

Wako,
Mghoi